Kutoka Foni Hadi Mnara: Jinsi Fizi Ilivyolipia Simu Yake

Kabla ya mnara wa simu, Baraka, mji wetu wa Fizi, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa na foni. Nyumba yenye foni ilijulikana kwa waya wake: waya mrefu uliovutwa juu ya mapaa kati ya mianzi miwili, ukaingia dirishani hadi kwenye redio ya chuma iliyounganishwa na betri ya gari. Mjomba wangu alikuwa nayo moja, karibu na soko. Yeye alishika kipaza sauti. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko wa kusomeka, nilishika daftari.

Daftari lile ndilo lililonifundisha biashara ya mawasiliano. Mtu wa Baraka aliyetaka kuongea na ndugu yake wa Bukavu alilipa kwanza mwito. Foni ya Bukavu ilimtuma kijana kwenda kumtafuta mhusika Kadutu au Panzi, wakapatana saa, na kesho yake wote wawili walikaa mbele ya redio, huyu huku na yule kule. Hapo zililipwa dakika za maongezi, tena kabla mtu hajafungua kinywa. Hakuna aliyeongea kwa deni. Mjomba hakuwa mtu wa roho ngumu, ila betri, waya na pano ya jua vilinunuliwa taslimu Bujumbura au Kigoma, na hakuna benki ambayo ingemkopesha. Malipo ya wateja wa asubuhi ndiyo yaliyoiwezesha foni kuwaka jioni. Niliandika safu nne: jina la anayeitwa, mahali, saa, na kiasi kilicholipwa. Safu ya nne haikuachwa wazi hata siku moja.

Masafa yalikuwa ya watu wote. Kila aliyewasha foni kutoka Uvira hadi Kalemie aliweza kusikia habari za nyumba yako. Kwa hiyo watu walijifunza kusema kwa mafumbo. Mgonjwa aliyezidiwa alikuwa "mzigo umelowa", na mwenye pesa alikuwa "amevua vizuri". Msiba peke yake haukufichwa. Habari ya msiba ilipoanza kusomwa, foni nyingine zilinyamaza zenyewe hadi imalizike, na mjomba hakudai malipo ya mwito wa msiba.

Foni ilituma pesa pia. Mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa Bukavu alikabidhi dola zake kwa mwenye foni wa huko, akapewa namba. Namba ile ikasomwa hewani, nami nikaiandika. Mke wake akaja Baraka na namba hiyo, mjomba akamhesabia fedha kutoka kwenye sanduku lake na kukata asilimia ndogo. Wenye foni walisawazisha madeni yao mtu alipopata safari ya kuaminika, au shehena ya ndagala ilipopelekwa upande mmoja na sabuni na chumvi zikarudi upande mwingine. Hakukuwa na karatasi wala muhuri. Kilichokuwapo ni sanduku lililopaswa kuwa na pesa taslimu siku zote, na jina ambalo halikupaswa kuchafuka. Miaka mingi baadaye, nilipowaona mawakala wa pesa za simu wakihangaika kutafuta salio la kuwalipa wateja, nilijua kazi hiyo hata kabla ya kuelezwa.

Serikali haikuwa sehemu ya hesabu hizi. Shirika la posta na simu, lile ambalo baadaye liliitwa OCPT, lilikuwa na waya zake katika miji mikubwa, nazo zilikuwa zikifa moja baada ya nyingine. Ni kweli kwamba Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuwa na simu ya mkononi. Miko Rwayitare, mfanyabiashara mzaliwa wa Rwanda, alianzisha Telecel mjini Kinshasa mwaka 1986, na mwaka uliofuata watu wakaanza kupiga simu wakiwa wamesimama barabarani. Lakini kifaa kimoja kiliuzwa kwa maelfu ya dola. Kilikuwa cha mawaziri, maafisa wa jeshi na matajiri. Biashara iliyojengwa juu ya wateja wachache wenye pesa nyingi haikuwa na sababu ya kufika Fizi, ambako hata barabara ilikuwa ikifika kwa shida, na ambako kwa miaka mingi mwasi Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP walikuwa na ngome yao Hewa Bora.

Kisha vita vikaja. Oktoba 1996, mapigano yalipoanzia upande wa Uvira, watu wa Fizi walivuka ziwa kwa makumi ya maelfu. Mitumbwi na boti za mbao ziliwapeleka Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kambi za Nyarugusu na Lugufu. Vita vya pili, kuanzia Agosti 1998, viliwafuatisha wengi kati ya wale waliobaki. Waya wa foni sasa ukawa hatari, kwa sababu ulionekana kutoka mbali, na kila mwenye bunduki, awe wa upande gani, aliamini kwamba mwenye redio anawaita adui zake. Mara nyingi tuliushusha usiku, tukaikunja redio ndani ya gunia na kuiweka chini ya mihogo. Ulipopita mwezi wa utulivu, waya ulipandishwa tena, na foleni ilijipanga mlangoni kabla jua halijawa kali.

Dada yangu mkubwa alikuwa Lugufu. Habari zake zilifika kwa barua za Msalaba Mwekundu: karatasi moja, isiyofungwa, yenye habari za familia tu. Ilisomwa na wakaguzi kabla ya kupelekwa ili isibebe neno la vita. Mama alizishika barua hizo kwa mikono miwili ingawa hakujua kusoma. Nilimsomea, kisha akasema, "Rudia pale anaposema mtoto ameota meno." Barua ilikuwa bure, lakini kati ya swali na jibu ilipita miezi. Hapo nilielewa kwa nini watu wasio na kitu walikuwa tayari kutoa hicho kidogo walichonacho kwa ajili ya dakika mbili za sauti. Waliokuja na simu za setilaiti za Thuraya, kuanzia mwaka 2001 na kuendelea, walikuwa mashirika ya misaada na wafanyabiashara wakubwa. Dakika ya Thuraya iligharimu zaidi ya dola nzima, na hata hivyo watu waliomba wauziwe.

Wakati huohuo, mbali nasi, watu wengine walikuwa wakipiga hesabu za Kongo. Mo Ibrahim, mhandisi mzaliwa wa Sudan, alianzisha mwaka 1998 kampuni iliyokuja kujulikana kama Celtel. Mwishoni mwa mwaka 2000, nchi ikiwa imegawanyika vipande na majeshi ya nchi jirani yakiwa ndani, Celtel ilianza kazi Kinshasa. Mabenki hayakutaka kukopesha mtu anayejenga minara katikati ya vita, hivyo kampuni iliendeshwa zaidi kwa mitaji ya wenye hisa, wakiwamo IFC ya Benki ya Dunia na CDC ya Uingereza. Alieu Conteh, mfanyabiashara kutoka Gambia, alikuwa na kampuni ya CWN hukohuko Kinshasa. Wataalamu wa kigeni walipoogopa kuja, watu wake walikusanya vyuma chakavu na kuvichomelea hadi vikawa mnara. Mwaka 2001 Vodacom ya Afrika Kusini iliingia naye ubia, asilimia 51 kwa 49, na Mei 2002 simu za Vodacom Congo zikaanza kulia. Kampuni ya Kichina ya ZTE nayo iliungana na serikali ya Kongo katika Congo Chine Telecom, kwa mkopo kutoka China.

Mtaji wa namna hiyo una tabia yake. Huanza pale pesa inaporudi haraka: Kinshasa, Lubumbashi, kisha Goma na Bukavu. Hautembei peke yake kwenda kijijini. Husubiri kijiji kionyeshe kwamba kinaweza kulipa. Baraka iliwezaje kuonyesha hilo?

Kwanza, watu walirudi. Oktoba 2005 meli iliyopangwa na UNHCR ilitoka Kigoma ikaleta wakimbizi wa kwanza hadi Baraka, na baada yake zikafuata safari nyingine nyingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walishuka na magodoro, masufuria, watoto waliozaliwa Tanzania, na mfukoni wengi wao walikuwa na simu. Kambini walikwisha kuzoea kukwangua vocha, kutuma ujumbe na kubip. Sisi tuliobaki tuliwaona wakipanda vilima vya Ubwari, upande unaotazama Burundi na Tanzania, wakitafuta mtandao wa ng'ambo. Kule juu palikuwa na mahali palipokanyagwa hadi nyasi zikaisha, kwa sababu ukisogea hatua mbili kushoto sauti ilikatika. Watu walilipa kijana aliyelinda nafasi yao kwenye mstari. Kijiji kilikuwa kikilipa hata mahali ambapo hakuna kampuni iliyojenga kitu.

Pili, pesa taslimu zilianza kuzunguka. Madaktari wasio na Mipaka walikuwa hospitalini Baraka, mashirika yalilipa mishahara, na askari wa Umoja wa Mataifa walinunua sokoni. Ndagala na mikebuka ziliuzwa hadi Bukavu. Kule Misisi, kuelekea Lulimba, wachimbaji wa dhahabu walilala maskini na kuamka na dola, na mchimbaji mwenye dola alitaka kujua bei ya dhahabu kabla hajauza.

Mnara ulipokuja, ulikuja kwa vipande. Vyuma vilishushwa, vijana wakalipwa kwa siku kuchimba msingi na kubeba saruji, na mwenye kiwanja akatia saini mkataba wa kodi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu wa Baraka akipokea kodi ya ardhi kutoka kampuni. Jenereta mbili ziliwekwa ndani ya uzio, na mlinzi akaajiriwa. Siku rezo, yaani mtandao, ilipowaka, mjomba alisimama mlangoni akiwaangalia watu wakipiga kelele za furaha barabarani. Aliniambia, "Mwanangu, kazi yetu ni ileile. Nenda ukauze kadi."

Nilikwenda kuuza kadi za vocha, na hapo nikauona mtaji wa simu kutoka upande ambao wenye hisa hawaoni. Msambazaji mkuu wa Bukavu alilipa kampuni kwanza, ndipo akapewa kadi. Muuzaji wa jumla wa Uvira alimlipa yule wa Bukavu. Sisi wa Baraka tulilipa Uvira. Kila aliyeshika kadi alikuwa amekwisha kutoa pesa yake, akingoja faida ndogo kutoka kwa anayefuata. Mwishoni mwa mnyororo walikuwa akina mama na vijana wenye mwavuli, meza ndogo na kiti cha plastiki. Mama mmoja aliyeuza karibu na bandari aliniambia kwamba kadi zake za kwanza alizinunua kwa pesa za likelemba. Wenzake kumi na wawili walichanga, zamu yake ikafika, na badala ya kununua kitenge akanunua kadi. Asubuhi alizipanga kwa thamani, ndogo mbele na kubwa nyuma, kila fungu likiwa na mpira wa kufungia. Alijua kwa macho nani atanunua ndogo. Wavuvi walinunua ndogo kabla ya kuingia ziwani jioni, ili waite wanunuzi wakikaribia pwani alfajiri.

Mvuvi yule alikuwa amelipa jioni kwa maneno atakayosema alfajiri. Usiku kucha pesa yake ilikuwa ikifanya kazi mahali pengine: kulipa dizeli, kulipa mkopo wa vifaa, kulipa mnara unaofuata. Hakupewa riba. Na siku za kadi zikiisha kabla hajaitumia, uniti zilizobaki zilikufa. Ukijumlisha wavuvi, wachuuzi, walimu na wachimbaji wote wa Kivu waliokuwa na uniti mfukoni usiku mmoja, unapata mkopo mkubwa ambao haukuandikwa kwenye mkataba wowote. Wenye mtaji walithubutu, na nawaheshimu kwa hilo, kwa kuwa bila wao vyuma visingefika. Lakini mtaji wao ulijenga mnara wa kwanza. Minara iliyofuata ilijengwa kwa malipo ya kabla, yaliyotoka kwa watu ambao hakuna benki iliyowahi kuwakopesha hata dola kumi.

Tena walikopesha kwa dola. Bei ya uniti ilihesabiwa kwa dola za Marekani, kwa sababu vifaa vilinunuliwa kwa dola na mikopo ilidaiwa kwa dola. Mama muuza samaki alipata faranga. Kati ya 2010 na 2015 dola moja ilikuwa kama faranga 900. Kufikia 2018 ilipita 1,600, na mwaka 2024 ilikaribia 2,800. Kila faranga iliposhuka, dakika ilipanda bei sokoni Baraka bila kampuni kutangaza chochote. Hasara ya fedha ya nchi iliangukia mwisho wa mnyororo. Nilibadilisha ubao wangu wa bei mara nyingi, na kila mara ilinibidi nimweleze mteja jambo ambalo halikuwa kosa lake wala langu.

Pamoja na hayo, faida ilikuwa wazi. Septemba 2006 Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania katika mtandao mmoja usio na gharama za kuvuka mpaka, na mwaka 2007 Kongo ikaongezwa. Kwa watu wa ziwa hili, ambao ndugu zao wako kwenye kila pwani, hilo halikuwa jambo dogo. Mfanyabiashara wa Baraka alikwenda Kigoma na namba yake ya Kongo, akapokea simu ya mke wake bila kukatwa, na akanunua vocha ya Tanzania kuongeza salio. Boti ya mbao iliyokuwa ikisafiri usiku kucha kwenda kuuliza bei sasa ilisafiri ikiwa imekwisha kuijua. Bei ya chumvi, sabuni na nyavu ikaacha kuwa siri ya wachache. Ukweli wa bei ulianza kuwafikia watu wengi kwa wakati mmoja, na wale waliokuwa wakitajirika kwa kutojua kwa wengine walianza kulalamika.

Kilichobaki kigumu ni umeme. Baraka haikuwa na umeme wa serikali, hivyo mnara ulikunywa dizeli mchana na usiku. Dizeli ilikuja kwa barabara ya Uvira, ile RN5, ambayo wakati wa masika lori lilizama hadi ekseli na kulala hapo siku kadhaa, au ilivushwa ziwani kwa mapipa. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kila kizuizi kilikuwa na bei yake. Dizeli ikichelewa, simu zilinyamaza mji mzima, na hapo ndipo ulipojua ni shughuli ngapi zilikuwa zimehamia hewani: wagonjwa waliosubiri daktari, wauzaji waliosubiri bei, wazazi waliosubiri mtoto aliye chuoni Bukavu. Gharama hii ya nishati ilichangia kufanya kampuni ziamue kwamba kila moja kuwa na mnara wake ni ufujaji. Mwaka 2010 Helios Towers ilikubaliana na Millicom, wenye Tigo, kununua minara yao nchini, kisha ikawapangisha. Kampuni ya simu ilipata pesa taslimu kwa kuuza chuma, ikalipa kodi ya kila mwezi, na mnara mmoja ukaweza kubeba antena za kampuni zaidi ya moja. Ni mpango wa akili. Ni jambo ambalo mwenye foni wa Baraka angelielewa mara moja, kwa kuwa mjomba naye alimruhusu mwenye foni wa Mboko atumie pano yetu kwa malipo.

Novemba 2012 Vodacom ilileta M-Pesa Kongo, zaidi ya miaka mitano baada ya Safaricom kuianzisha Kenya. Kwetu haikuhitaji kuelezwa kwa muda mrefu. Waliokaa Nyarugusu walikuwa wamekwisha kuitumia upande wa Tanzania, na waliobaki nyumbani walikuwa wakituma pesa kwa foni tangu zamani. Tatizo lilikuwa sanduku, lile lile la mjomba. Wakala lazima awe na salio la kielektroniki kwa anayeweka, na noti kwa anayetoa, na Fizi haikuwa na benki ya kumjazia noti zikiisha. Nilizifuata Uvira kwa basi, zimefungwa kiunoni chini ya shati, nikiomba Mungu njia iwe salama. Wengine walipata mtaji wao kwenye AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopa vyenye sanduku la kufuli tatu na funguo tatu kwa watu watatu. Kwa hiyo hata pesa ya simu, inayosifiwa kama kazi ya mitambo, ilisimama Baraka juu ya akiba za wakulima na wachuuzi waliokutana kila wiki chini ya mwembe.

Na iliwaokoa watu. Mwalimu wa kijiji cha mbali aliacha kupoteza nusu ya mshahara wake kwa nauli ya kuufuata mjini. Kuanzia mwaka 2015, familia nyingi za Fizi zilizokuwa Nyarugusu zilianza kupelekwa Marekani, na pesa za ada ya shule zikaanza kuingia kwenye simu za bibi zao waliobaki Baraka. Mwaka 2025, Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi Januari na Bukavu Februari, na mabenki ya miji hiyo yakafunga milango, watu waliokimbilia kusini walifika wakiwa na simu tu. Salio lililokuwa ndani ya simu ndilo walilonunulia unga.

Ndiyo sababu ile kodi ya RAM ilituuma sana. Septemba 2020 kodi ya kusajili vifaa vya simu ilianza kukatwa kwenye uniti za watu moja kwa moja. Mteja alinunua uniti kwangu, akaweka namba, na akaona salio pungufu. Alikuja kuniuliza mimi. Watu walipinga nchi nzima, bungeni na mitaani, na mwaka 2022 iliondolewa. Nakumbuka maneno ya mzee mmoja aliyekuwa mteja wangu wa siku nyingi: "Mwanangu, serikali haikuleta waya, haikuleta mnara, haikuleta dizeli. Leo imekuja kuchukua uniti." Hakuwa akikataa kodi. Alitaka kujua pesa yake inarudi wapi.

Swali la mzee yule ndilo ninalotaka libaki. Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Mwaka 2010 mali hizo za Afrika, zikiwa zimepewa jina la Zain, zilinunuliwa na Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7. Bei kama hizo huhesabiwa kwa idadi ya wateja na kwa kile wanacholipa kila mwezi. Ndani ya mabilioni yale walikuwamo mvuvi wa Ubwari, mchimbaji wa Misisi na mama wa likelemba, kila mmoja na kadi yake ndogo. Hakuna aliyewaita kwenye meza, na sidhani kama walitegemea kuitwa. Lakini ni haki yao kuitwa wawekezaji.

Nasema hivi kwa sababu kazi haijaisha. Baraka leo ina kampuni zaidi ya moja, na vijana wanatazama video kandokando ya ziwa. Ukipanda kwenda vijiji vya ndani vya Lulenge na Ngandja, bado utakuta watu wanaotembea nusu siku kwenda kutafuta mahali simu inaposhika. Sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020 imeweka mfuko wa huduma kwa wote, kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni hazioni faida. Mwaka 2023 Orange na Vodacom walitangaza kwamba watajenga pamoja minara 2,000 ya umeme wa jua vijijini kwa miaka sita. Mei 2025 Starlink ilipewa kibali. Pesa zipo, na kwa jua tatizo la dizeli limepata dawa.

Kinachohitajika ni watu wa mipango kuacha kuviita vijiji hivi maskini wasioweza kulipa. Waje wakae siku moja kwenye kilima kinachoshika rezo, na daftari lenye safu nne. Waandike nani amekuja, kutoka wapi, saa ngapi ametembea, na amelipa kiasi gani njiani na pale juu. Wakijumlisha safu ya mwisho wataona kwamba wananchi wa Lulenge na Ngandja wameanza kuchangia mnara wao zamani. Mfuko wa huduma kwa wote utoe sehemu iliyobaki, mnara uwekwe, na hesabu za mfuko huo zibandikwe Fizi-centre na Baraka, mahali ambapo kila aliyenunua uniti anaweza kuzisoma.